MSHAHARA USIISHIE NDANI YA SIMU

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama na baba wa kambi, katika mafundisho ya afya tunasema mara nyingi juu ya vumbi la mgodi, malaria, maji safi na kofia ya kazi. Leo tunasema juu ya hatari isiyo na harufu wala moshi. Inakaa mfukoni mwa suruali. Hatari hiyo ni kamari ya simu: kuweka feza juu ya mechi za mpira, juu ya ndege ndogo inayopanda kwenye kioo cha simu, juu ya gurudumu la namba, na michezo mingine ya namna hiyo. Vijana wetu wanaiita "pari".

Mtu ataniuliza: "Mganga, feza ni zangu, nimezifanyia kazi. Jambo hili linahusu nini ukurasa wa usalama na afya?" Linahusu kwa sababu tatu. Kwanza, mtu anayecheza usiku kucha anakuja kazini bila usingizi. Pili, feza zinazopotea ni chakula, dawa na masomo ya watoto. Tatu, kwa watu wengine mchezo huu unageuka ugonjwa, ugonjwa wa kweli wenye dalili zake na matunzo yake, kama vile ulevi wa pombe. Nimeandika somo hili ili kila mmoja aweze kujipima mwenyewe, na ili mgonjwa ajue pa kwenda.

MCHEZO UMEINGIA NAMNA GANI NYUMBANI

Zamani aliyetaka kuchezea feza alipaswa kutoka nyumbani. Alikwenda kukaa na wenzake kwenye karata, ao alinunua tikiti ya lotri. Feza zikiisha mfukoni, mchezo umekwisha. Jirani alimwona, bibi yake alipata habari, mzee wa kambi alimwita na kumshauri. Hayo yote yalikuwa kama ukuta wa kuzuia.

Leo ukuta huo umeanguka. Feza ya simu ilianza kwa nguvu huko Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na katika Kongo yetu ilifika mwaka 2012. Ni chombo kizuri. Kwa njia yake mtu wa Likasi anatuma feza za masomo kwa mtoto aliye Lubumbashi, ao dawa kwa mama mzee aliye Kolwezi, bila kupanda gari. Hatukilaumu chombo. Lakini tuone jambo moja: mfuko wa feza na meza ya kamari sasa vimekuwa kitu kimoja. Mtu akibonyeza mara tatu ao mara nne, mshahara umeondoka. Anaweza kufanya hivyo kitandani, katika gari la kazi, hata msalani. Hakuna anayemwona.

Tena duka hilo halifungwi. Mechi za Ulaya zikiisha, zinaanza za Amerika. Zikiisha hizo, kuna mechi za uongo ambazo mashini inazitengeneza yenyewe kila dakika chache. Katika Kikula, Panda na Shituru, saa nane ya usiku, mtu anaweza kucheza sawa na mchana.

HESABU AMBAYO HAIANDIKWI KWENYE TIKITI

Wachezaji wengi wanafikiri kwamba wanapoteza kwa sababu ya bahati mbaya. Si kweli. Wanapoteza kwa sababu ya hesabu. Chukua kalamu, tuhesabu pamoja.

Fikiri swali lenye majibu mawili yenye nguvu sawa, kama kurusha sarafu. Ukiweka franka 1,000 na kushinda, mchezo wa haki ungekupa 2,000. Nyumba ya kamari haikupi hivyo. Namba yake ya kuzidisha itakuwa kama 1.90, basi unapata 1,900. Ukicheza mara 100 umeweka franka 100,000. Kwa kawaida utashinda mara 50 hivi, na mikononi mwako zitarudi 95,000. Zile 5,000 zimebaki kwa nyumba. Nyumba haikuhitaji kuiba wala kukuchukia. Imekata kidogo katika kila malipo, kama mlinda kizuizi anayekata kwa kila gari linalopita.

Sasa tuangalie ile tikiti ndefu ambayo vijana wanaipenda, ya mechi 10 kwa mara moja. Tuseme kwa kila mechi swali ni hili: je, magoli yatakuwa matatu ao zaidi, ndiyo ao hapana? Na tuseme ndiyo na hapana zina nguvu sawa. Mechi 10 zinatoa njia 1,024 za kujibu. Njia moja tu ndiyo ya kweli. Watu 1,024 wakicheza, kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja franka 1,000, nyumba inapokea franka 1,024,000. Mmoja anashinda. Ukizidisha 1.90 mara kumi unapata karibu 613, basi anapewa franka 613,000 hivi. Nyumba inabaki na zaidi ya 400,000.

Mshindi yule anapiga picha ya tikiti yake, na picha inazunguka katika simu zote za mji. Wale 1,023 wengine hawapigi picha. Ndiyo maana unasikia kila siku kwamba fulani ameshinda, lakini husikii ni wangapi wamepoteza.

Na mchezo wa ndege? Watu wanasema ni mzuri kwa sababu unarudisha karibu yote. Tukubali kwamba unarudisha franka 97 kwa kila 100 zinazowekwa. Lakini duru moja inachukua sekunde chache tu. Ukiweka 10,000, kisha kila kinachorudi unakiweka tena, baada ya duru 50 kwa wastani zimebaki 2,200 hivi. Duru 50 zinaweza kwisha kabla ya chai kupoa. Mchezo unaokata kidogo lakini kwa haraka unakula kuliko ule unaokata sana lakini polepole.

Hata feza ndogo zinakusanyika. Anayepoteza franka 2,000 kila siku amepoteza 60,000 kwa mwezi wa siku 30, na 730,000 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe ni mifuko mingapi ya unga. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

"LAKINI MIMI NINAJUA MPIRA"

Neno hili tunalisikia sana. Mtu anajua majina ya wachezaji wote, anajua nani ameumia goti. Je, kujua mpira ni sawa na kujua mwisho wa mechi?

Tukumbuke timu yetu ya Katanga. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ilishinda Internacional ya Brazili 2 kwa 0, ikaingia fainali ya kombe la dunia la klabu. Kabla ya siku ile hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hiyo. Wenye kujua mpira dunia nzima walikuwa wameandika kinyume. Siku nne baadaye, Inter ya Milano iliifunga Mazembe 3 kwa 0. Uzuri wa mpira ni huo: hakuna anayejua. Na yale machache yanayoweza kujulikana, nyumba ya kamari inayajua zaidi yako, kwa maana ina watu na mashini za kuhesabu, nayo imekwisha kuyaweka ndani ya namba yake ya kuzidisha.

Jihadharini pia na wauzaji wa "mechi zilizopangwa" na wenye kuuza dawa za bahati. Anayejua kweli matokeo ya kesho hatayauza kwako kwa dola 5.

KWA NINI KICHWA KINASHIKWA

Kuna mambo matatu yanayoshika kichwa cha mtu yeyote, mwenye masomo na asiye na masomo.

La kwanza ni malipo yasiyo na utaratibu. Kama kila mchezo ungepoteza, ungeacha upesi. Kama kila mchezo ungeshinda, nyumba ingefunga. Lakini ukishinda leo, upoteze mara sita, kisha ushinde kidogo, ubongo unabaki katika kungoja. Wataalamu waliona jambo hilo hata kwa wanyama: njiwa anayepata punje mara moja moja bila kujua saa anaendelea kudonoa kuliko yule anayepata punje kila mara.

La pili ni "nusura nishinde". Mechi tisa zimetoka vizuri, ya kumi imeharibika dakika ya 89. Kwa hesabu umepoteza sawasawa na yule aliyekosa zote. Lakini kichwa kinasema: nilikuwa karibu, kesho nitapata. Hakuna karibu katika tikiti. Mechi za kesho hazijui habari za tikiti yako ya leo.

La tatu, na baya kuliko yote, ni kufuata feza iliyopotea. Mtu amepoteza 20,000. Anaona aibu kurudi nyumbani bila hizo 20,000. Anaweka 20,000 nyingine ili arudishe. Zikipotea anaweka 40,000. Sasa hachezi tena kwa furaha, anacheza ili kufunika shimo, na kila jembe anachimba shimo lenyewe. Ukisikia neno hili moyoni, "nirudishe tu feza zangu kisha niache", ujue kwamba hapo ndipo mchezo umekwisha na ugonjwa umeanza.

NI UGONJWA, NA UNAJULIKANA

Mwaka 2013 waganga wa akili wa Marekani waliweka kamari katika fungu moja na ulevi wa pombe na madawa ya kulevya. Shirika la Afya la Dunia limeandika ugonjwa wa kamari katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Alama zake kubwa ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unachukua nafasi ya mbele kuliko kazi, jamaa na chakula, na anaendelea hata akiona wazi kwamba unamharibu.

Kwa hiyo tusimwite mgonjwa mjinga wala mwivi. Tusiseme pia kwamba amerogwa. Tutaje pia, kwa wenye wazee nyumbani, kwamba dawa fulani za ugonjwa wa Parkinson zinaweza kuamsha hamu kali ya kamari kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Akibadilika hivyo, asiache dawa peke yake, aje kwa mganga.

Jiulize maswali haya mawili. Waganga wa nchi nyingi wanayatumia kama kipimo cha kwanza:

1. Je, umewahi kuona kwamba unahitaji kuweka feza nyingi zaidi na zaidi?

2. Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu juu ya feza unazochezea?

Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, inafaa uzungumze na mganga. Haina maana kwamba umekwisha kuwa mgonjwa. Ni kama kukohoa wiki tatu: tunapima ili tujue.

Dalili nyingine ambazo mtu na watu wa nyumbani wanaweza kuziona ni hizi:
- kukasirika ao kukosa utulivu akijaribu kuacha;
- kuficha simu, kulala na simu chini ya mto;
- kukopa kwa rafiki, kwa kapita, kwa duka, bila sababu ya wazi;
- kuchukua mkopo wa Banque Lambert kabla ya mwezi kufika nusu;
- kuuza vitu vya nyumbani, ao kutumia feza za likelemba ambazo si zake;
- kukosa usingizi, kukonda, kunywa pombe zaidi, kujitenga na watu.

HATARI KAZINI

Katika kazi ya shaba tunashika asidi, umeme mkubwa, tanuru, na magari ya tani nyingi. Kazi hiyo inataka macho na akili. Waganga walipima watu wakaona kwamba kukaa macho masaa 17 kunapunguza wepesi wa mtu sawa na pombe ya gramu 0.5 katika lita moja ya damu. Sasa fikiri fundi aliyemaliza kazi saa nane mchana, akafuata mechi mpaka usiku wa manane, kisha mchezo wa ndege mpaka alfajiri, na saa kumi na mbili anapanda gari kubwa. Hakunywa hata chupa moja. Lakini mwili wake ni wa mlevi.

Na hata akilala, kichwa kimejaa deni. Anafungua mfereji wa asidi akifikiri juu ya tikiti. Anachungulia simu wakati mkanda wa mashini unazunguka. Anayeumia anaweza kuwa yeye, ao mwenzake ambaye hakuweka hata franka moja.

Kwa hiyo: simu ya mchezo isiingie kamwe mahali pa kazi. Kama hukulala, mwambie kapita wako kabla ya kupanda mashini. Ni afadhali kusikia neno la kapita kuliko mama wa watoto kusikia habari ya ajali.

KWA MTU ANAYECHEZA NA BADO ANAJIWEZA

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutocheza. Lakini tunajua kwamba wengine watacheza. Kwao tunatoa amri hizi kumi, wazikate na kuzibandika ukutani:

1. Hesabu mchezo kama gharama ya kujifurahisha, sawa na kulipa kiingilio cha uwanja. Si kazi, si shamba, si njia ya kulipa deni.
2. Amua kiasi cha mwezi mbele ya kuanza, pamoja na bibi ao bwana wako. Kikiisha, umemaliza mpaka mwezi mwingine.
3. Amua pia saa ya kuacha. Baada ya saa nne ya usiku, simu ilale na wewe ulale.
4. Usicheze siku ya mshahara. Siku hiyo lipa kwanza nyumba, unga, masomo, deni na dawa.
5. Usifuate feza iliyopotea. Iliyopotea imepotea.
6. Usikope ili ucheze, hata franka 500.
7. Usicheze ukiwa umekunywa, umekasirika ao una huzuni.
8. Andika katika daftari kila kilichotoka na kila kilichorudi. Wachezaji wengi wanakumbuka kilichorudi tu.
9. Usishikwe na "zawadi" ya kucheza bure. Ni chambo kwenye ndoana.
10. Ukishinda, toa feza zote katika akaunti ya mchezo siku ile ile.

Mtu asiyeweza kushika amri hizi kwa miezi mitatu, kucheza kwa kiasi si kwake. Kama vile mlevi hawezi kujiponya kwa "glasi moja tu", yeye anapaswa kuacha kabisa.

KWA MTU ALIYEKWISHA KUSHIKWA

Ndugu yangu, sikiliza. Wengi walioshikwa kama wewe wameachiliwa. Fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: mwambie mtu mmoja ukweli wote. Bibi yako, bwana wako, kaka, padri, mchungaji, ao mganga. Sema kiasi chote, usikate nusu. Ugonjwa huu unakula katika giza. Methali inasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hatua ya pili: funga milango. Futa programu za kamari katika simu. Iambie nyumba ya kamari ifunge akaunti yako, na kama ina njia ya kukuzuia kurudi, ichague kwa muda mrefu. Toka katika vikundi vya simu vinavyotuma utabiri. Kwa miezi michache, mshahara ushikwe na mtu unayemwamini, na akaunti yako ya feza ya simu ibaki na kiasi kidogo tu cha usafiri. Kufanya hivyo si kuvuliwa heshima. Mtu aliyevunjika mguu anatumia fimbo mpaka mfupa ushike.

Hatua ya tatu: andika deni zote kwenye karatasi moja, jina na kiasi. Nenda kwa kila unayemdai kwako, umwambie utalipa kiasi gani kila mwezi, kisha ushike neno lako. Usilipe deni kwa deni jingine. Mkopo wa Banque Lambert ambao unachukua 100 ili urudishe 150 mwisho wa mwezi ni shimo jipya. Anza na hilo kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa polepole ni kulipa pia.

Hatua ya nne: jifunze kungoja. Hamu ya kucheza inapanda kama homa, lakini inashuka. Mara nyingi dakika 20 ao 30 zinatosha. Ikija, acha simu nyumbani utoke: tembea, oga, kata kuni, cheza mpira na watoto, piga hodi kwa jirani. Weka kazi katika masaa yale uliyozoea kucheza: shamba la mboga, kwaya, fundisho.

Hatua ya tano: njoo dispanseri. Tutazungumza peke yetu, na siri ya mganga ni siri. Tutapima usingizi, pombe na huzuni, kwa maana mara nyingi vinakwenda pamoja na kamari. Hakuna kidonge kimoja kinachoponya kamari. Dawa kubwa ni mazungumzo ya utaratibu, ambayo mtu anajifunza kutambua mawazo ya uongo kama "kesho ni zamu yangu" na kuyajibu. Wanaohitaji zaidi wanaweza kutumwa Lubumbashi, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain. Kwenda huko si kuitwa kichaa. Ni kama aliyevunjika mfupa kwenda kwa mganga wa mifupa.

Hatua ya sita: tafuteni kundi. Mwaka 1957, huko Los Angeles, wachezaji waliotaka kuacha walianza kukutana na kusikilizana. Kundi lao linaitwa Gamblers Anonymous, nalo limeenea katika nchi nyingi. Hata wafanyakazi watatu ao wanne wa kambi moja wanaweza kukutana kila juma na kuulizana bila kuhukumiana: "Juma hili umeshinda hamu namna gani?"

Ukianguka mara moja, usiseme kwamba yote yamekwisha. Sema siku ile ile, kisha uanze tena.

NENO LA HARAKA SANA

Deni na aibu vinaweza kumfikisha mtu kwenye wazo la kujiua. Tunalisema wazi kwa sababu kulinyamazia ndiko kunakoua. Ukipata wazo hilo, njoo dispanseri siku ile ile, mchana ao usiku. Na wewe mwenye kuishi naye, ukisikia maneno kama "bora nisiwepo" ao "mtapumzika nikiondoka", muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu za panya na za wadudu, kamba na vidonge vingi, kisha umlete. Hakuna deni linalolingana na baba ao mama wa watoto.

KWA MABIBI, MABWANA NA WAZAZI

Mama, usimtukane mbele ya watoto, lakini usimfunike pia. Ukilipa deni lake kwa siri, umempa nafasi ya kuanza upya. Saidia kulipa pale tu ambapo ameonyesha karatasi ya deni zote na amekubali kufunga milango. Zungumzeni asubuhi, si wakati mechi inachezwa ao akiwa ametoka kupoteza. Weka kando feza za unga na masomo mahali asipozifikia. Akikupiga ili umpe feza, hilo si jambo la kuvumilia: toka, tafuta jamaa na mganga. Ugonjwa unaeleza kamari, hauruhusu kupiga mtu.

Bwana, mambo ni yale yale ikiwa mchezaji ni bibi yako.

Wazazi, kamari si mchezo wa watoto. Namba ya siri ya feza ya simu isijulikane na mtoto. Usimtume mtoto kukuwekea tikiti, usimwombe achague timu "kwa sababu mtoto ana bahati". Anayeshinda akiwa mdogo anaweza kuitafuta furaha ile miaka mingi.

SI SISI PEKE YETU

Tusifikiri kwamba hii ni aibu ya Likasi. Mwezi wa kwanza 2019 rais wa Uganda aliamuru kampuni mpya za kigeni za kamari zisipewe ruhusa. Mwezi wa saba mwaka ule ule serikali ya Kenya ilikataa kufanya upya ruhusa za kampuni 27, na SportPesa, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilisimamisha kazi yake kwa muda. Mwezi wa nne 2025 Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha mwaka ule ule ikaweka sheria mpya ya kamari. Serikali hizo ziliona yale tunayoona sisi. Lakini sheria haitakaa kitandani mwako saa nane ya usiku. Pale ni wewe, simu yako, na yule uliyemwambia ukweli.

TUKUMBUKE

- Mchezaji anapoteza kwa hesabu, si kwa bahati mbaya.
- Kufuata feza iliyopotea ndiyo mlango wa ugonjwa.
- Asiyelala asipande mashini.
- Anayesema mapema anaponywa mapema.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Franka ngapi zimetoka nyumbani mwetu mwezi uliopita kwa ajili ya kamari? Andikeni.
2. Je, bibi na bwana wote wawili wanajua deni zote za nyumba?
3. Mmoja wetu akishikwa na hamu usiku, atamwamsha nani?

Jibuni pamoja mezani, karatasi na kalamu mkononi, kabla ya siku ya mshahara. Swali likiwashinda, lileteni dispanseri.